Kombi ya Asali na Kioo cha Jua

Mwanamkuu binti Shaban alikuwa mwanamke wa kujisifu, na tuseme hivyo mapema ili asije mtu akadhani tunamsengenya. Alijisifia pilau yake, alijisifia ulimi wake wa kuonja, alijisifia hata namna alivyofunga kilemba. Lililowaudhi wengi ni kwamba kila alichojisifia alikuwa anakiweza kweli. Mtu anayejisifia asichokiweza unamcheka, mambo yakaisha. Huyu ungemfanya nini?

Alizaliwa Tabora mjini, mtaa wa Gongoni, kwa Shaban fundi bati. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba mizigo kutoka pwani hadi Ujiji na kurudi, mpaka reli ilipofika ikamnyang'anya kazi, naye akashika nyundo na mkasi wa bati. Shaban akairithi kazi hiyo. Nyumba yao ilijaa ndoo, vibatari, mikebe na kelele. Watoto wa kiume walikimbilia kazi za reli, wakavaa kofia, wakapendeza. Mwanamkuu ndiye aliyebaki karibu na jiko la mkaa akimpa baba yake chuma cha kulehemia, na alipofika umri wa kuolewa alikuwa anaweza kulehemu mshono wa ndoo usiovuja hata tone. Baba yake alikuwa akimsifu mbele ya wateja, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Uhuru ulimkuta ameolewa. Azimio la Arusha lilimkuta mjane, ana mabinti wawili wa kulea. Akaenda kuomba kazi katika chama cha ushirika cha warina asali, ambacho ghala lake lilikuwa karibu na stesheni. Wakampa kazi ya kuziba madebe yanayovuja. Sasa debe la asali huwezi kuliziba bila kulisafisha, na mwenye akili timamu hawezi kusafisha debe la asali bila kulamba kidole. Mwanamkuu akalamba, na alipolamba akaanza kusema.

"Hii imerinwa kwa moshi mwingi," alisema siku moja, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Na hii mrina wake alikuwa na haraka, amekamua masega yenye watoto wa nyuki."

Wanaume wa ghalani wakacheka, kisha wakaenda kuulizia. Ikawa kweli. Wakamjaribu tena kwa asali za vijiji mbalimbali, akazitaja moja moja zilikotoka. Mwisho ilibidi wampe cheo, akawa mpimaji wa asali wa chama. Wazee wa porini walikuna vichwa, maana kule kurina ni kazi ya wanaume, na walizoea kwamba mwanamke haisemei asali mpaka imefika jikoni kwake.

Ulipofika wakati wa vijiji vya ujamaa, chama kikanunua kombi kuukuu kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Padri alikuwa ameitengeneza ya kulala: kitanda nyuma, meza ya kukunja, mapazia madirishani, kabati la vyombo. Mwanamkuu akaifanya nyumba yake. Kila msimu wa asali alitoka Tabora na dereva Kasimiri, mtu mpole aliyesali rozari kila gari lilipokataa kuwaka, wakafuata upande wa magharibi ambako misafara ya zamani ilipita na reli ikapita baadaye, hadi Kaliua na vijiji vilivyo ndani ya misitu ya miyombo. Kijiji kimoja walikaa juma moja au mawili. Kasimiri alilala kwa wenyeji, Mwanamkuu alilala ndani ya kombi. Warina walileta masega, yeye akachuja, akapima, akajaza madebe, na madebe yakapelekwa stesheni ya Kaliua kupanda treni.

Hapa kuna jambo la kazi hii ambalo watu wa mjini hawalijui. Asali haichujwi mchana. Ukifungua masega juani, nyuki wa pori zima watakuja kudai mali yao, na hutakuwa na la kuwajibu. Kwa hiyo Mwanamkuu alianza kazi jua likishazama, milango imefungwa, mapazia yameshushwa, kitambaa cheupe kimefungwa mdomoni mwa debe. Na ili aone kama kuna mguu wa nyuki au kipande cha nta kilichopita, alihitaji taa. Miaka yote taa ilikuwa chemli ya mafuta ya taa.

Baada ya vita vya Kagera kila kitu kikaadimika. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na mafuta ya taa yakipatikana yalikuwa machafu, yanatoa moshi mweusi na harufu ya kukwaruza koo. Ndani ya kombi iliyofungwa, moshi ule ulipanda ukakosa pa kwenda. Na asali ni kitu cha ajabu, hunywa harufu yoyote iliyo karibu nayo. Mwanamkuu mwenyewe alikuwa anakaa katika moshi ule jioni nzima mpaka pua yake ikauzoea. Hakugundua kitu. Shehena ya mwaka 1980 ilikwenda Dar es Salaam kwa mnunuzi, na baada ya miezi ikarudi Tabora kwa treni ileile, na ujumbe mfupi kwamba asali inanuka mafuta ya taa.

Hasara ilikuwa ya warina wote, lakini aibu ilikuwa na mwenyewe. Katika mkutano wa chama, mwenyekiti Mzee Ngollo, mrina wa siku nyingi kutoka Kaliua mwenye makovu ya kuumwa na nyuki hadi kwenye kope, alisimama akasema polepole:

"Ndugu Mwanamkuu, asali yako imerudi."

Asali yako. Alilisikia neno hilo vizuri sana, na wengine wote walilisikia.

"Wajumbe wameamua," Mzee Ngollo aliendelea. "Msimu ujao tunakupa nafasi nyingine. Asali ikirudi tena, kombi tunaiuza, na kila mrina atachuja mwenyewe kama zamani. Wewe utarudi kuziba madebe."

Hakulia pale mkutanoni. Alilia nyumbani Gongoni, kwa hasira zaidi ya huzuni, huku mabinti zake, ambao sasa walikuwa watu wazima, wakimbembeleza. Alipomaliza akanawa uso. Alijua kosa lilikuwa la taa, na taa ndiyo ya kubadilisha.

Mjini kulikuwa na kambi ya wapima barabara waliokuwa wamemaliza kazi yao, wanauza vitu kabla ya kuondoka. Mwanamkuu alimchukua Abasi, fundi redio wa Gongoni, wakaenda kuangalia. Vilikuwepo vitu vitatu vya kutoa umeme. Cha kwanza ni jenereta ya petroli. Cha pili ni mtambo wa jua mkubwa, vioo viwili vya buluu vipana kama milango, na betri nne nzito zilizohitaji wanaume wawili kwa kila moja. Cha tatu kilikuwa kioo kimoja kidogo, kimelazwa pembeni, hakizidi sinia la walima la watu wanne.

"Jua likikipiga hiki kioo, kinatoa umeme," Abasi alimweleza. "Umeme unaingia kwenye betri, unalala humo. Jioni unautoa kwa taa. Hakina moto, hakina moshi, hakina harufu."

"Na hakinywi petroli?"

"Hakinywi chochote, Bi Mwanamkuu."

Alikipenda palepale, lakini hakuonyesha, maana muuzaji alikuwa anasikiliza.

Sasa ukasikie kikao cha chama kilichofuata. Mzee Ngollo alitaka jenereta. "Ikinguruma," alisema, "kijiji kizima kitajua chama kimefika."

"Na nyuki nao watajua," alijibu Mwanamkuu. "Halafu petroli ya kombi yenyewe tunaipata kwa kibali, ya jenereta tutaitoa wapi? Na moshi wake je? Tumetoka kwenye mafuta ya taa tuingie kwenye petroli?"

Abasi yeye alikuwa anautamani ule mtambo mkubwa. Mikono ilikuwa inamwasha. Alisema utawasha taa kumi, redio, na hata jokofu dogo. Wajumbe waliposikia jokofu walikohoa kwa furaha, kila mmoja akajiona anakunywa maji baridi porini.

"Jokofu la nini?" aliuliza Mwanamkuu. "Asali haiozi. Tusinunue mtambo wa kufurahisha macho. Nipeni jioni moja nijue ninahitaji taa ngapi, kisha tununue mtambo wa kutosha taa hizo, basi."

Jioni hiyo kombi ilisimama mbele ya karakana ya Abasi. Walishusha mapazia. Abasi aliunganisha balbu moja ya taa za breki kwenye betri ya lori, akaining'iniza juu ya debe. Mwanamkuu alimimina asali, akaikodolea macho. Haikutosha, vinyweleo vya nyuki havikuonekana. Abasi akaongeza ya pili, kidogo afadhali. Akataka kuongeza ya tatu na ya nne, na kila balbu aliyoongeza ilimaanisha kioo kikubwa zaidi na bei kubwa zaidi.

"Ngoja," alisema Mwanamkuu.

Akatoka, akarudi na kipande cha bati jipya na mkasi wa marehemu baba yake. Alikikata, akakikunja kama bakuli lililopinduliwa, akakisugua kwa majivu mpaka kikang'aa, akakilehemu juu ya zile balbu mbili. Mwanga wote uliokuwa unapotea darini ukashuka ndani ya debe. Alimwonyesha Abasi unywele mmoja wa nyuki uliokuwa unaelea juu ya asali.

"Unauona?"

"Nauona."

"Basi zinatosha mbili."

Abasi alipiga hesabu zake, akakubali kwamba kile kioo kidogo na betri moja vingeweza kulisha balbu mbili jioni nzima, mradi kioo kipate jua la siku nzima. Sharti hilo alilisema mara mbili. Mwanamkuu alilisikia kwa sikio moja tu, maana kichwani mwake alikuwa ameshashinda.

Chama kilinunua kile kidogo. Kilikuwa ndicho pekee ambacho kilinunulika bila kuwakata warina malipo yao, na hilo lilimaliza ubishi. Baadhi ya wajumbe walikiita sinia, wakauliza pilau iko wapi. Mwanamkuu hakuwajali. Alimwagiza Kasimiri atoboe paa la kombi, wakakifunga kioo juu kwa bolti nne, na yeye mwenyewe akalehemu pembezoni ili mvua isipite. Kisha, kwa kuwa alikuwa Mwanamkuu, akamwambia Kasimiri apite sokoni, apite msikitini, apite hadi stesheni, kabla ya kushika njia ya Kaliua. Watu walisimama kuangalia, naye alikaa mbele, kilemba kimesimama, anapunga mkono kama anagombea ubunge.

Kijiji cha kwanza kilikuwa ndani kidogo kutoka Kaliua. Mwenyeji wao alikuwa Leonia, mke wa mrina mmoja, mwanamke mnene wa kucheka ambaye kila msimu alimpikia Mwanamkuu.

"Mwangaluka, mayo!" alipiga kelele kombi ilipoingia, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka," alijibu Mwanamkuu kwa Kinyamwezi chake cha mjini, na hapohapo akamgeukia dereva. "Kivuli, Kasimiri! Kivuli!"

Usimlaumu. Mtu yeyote aliyeshika asali maisha yake yote angesema hivyohivyo. Asali ikikaa kwenye joto huiva, hugeuka nyeusi, hupoteza harufu ya maua. Gari la asali likifika mahali, kitu cha kwanza ni kivuli, kabla ya salamu, kabla ya maji ya kunywa. Kasimiri aliiingiza kombi chini ya mti mkubwa wa mtundu wenye majani mazito. Leonia na wenzake, kwa heshima ya mgeni, wakakata na matawi mengine wakayaegemeza juu ya paa ili gari lizidi kupoa. Mwanamkuu akawashukuru sana.

Jioni ya kwanza taa ziliwaka vizuri mno. Alichuja hadi akachoka, akatoka nje kuwaonyesha watu mikono yake isiyo na masizi. Jioni ya pili mwanga ulikuwa wa manjano. Jioni ya tatu zile balbu zilikuwa zimefifia kama macho ya mtu mwenye homa, na baadaye zikazima kabisa.

Alianza kwa kumlaani Abasi. Kisha akawalaani wapima barabara kwamba wamemuuzia kioo kibovu. Kasimiri alikuwa na chemli moja ya akiba chini ya kiti, akaitoa taratibu, akasema, "Mama, tuiwashe usiku huu tu."

"Ukiiwasha humu ndani, nakushusha Kaliua utembee kwa miguu," alisema Mwanamkuu, naye hakuwa anatania.

Kazi ikasimama. Masega yalizidi kuletwa, yakapangwa ndani ya mapipa yaliyofunikwa, na warina walianza kuulizana kwa sauti ya chini. Sega likikaa mno huingiwa na viwavi, na asali isiyochujwa mapema huweza kuumuka. Kwa mara ya kwanza alijiona mwenyewe, miaka yote iliyobaki, ameinama nyuma ya ghala anaziba madebe, na watu wakipita wanasema yule ndiye aliyekuwa na kombi.

Kulipokucha aliyakumbuka maneno ya Abasi: jua la siku nzima. Alitoka nje, akatazama paa la kombi chini ya mtundu na matawi ya Leonia, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Umeme wa jua, na yeye amelificha jua! Alimwamsha Kasimiri, wakaisukuma kombi hadi katikati ya uwanja. Betri ikaanza kupata nguvu. Lakini ilipofika adhuhuri alifungua mlango, akakutana na joto kama la tanuri ya mkate. Nta ilikuwa imelainika. Debe alilolichuja jioni ya kwanza lilikuwa limepata rangi ya chai ya rangi. Alilionja, akalitema. Wakairudisha kombi kivulini mbio.

Hapo ndipo alipokwama kweli. Taa zilitaka jua, asali ilitaka kivuli, na vyote viwili vilikuwa gari moja. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya Leonia, ameshika tama, hana hata la kujisifia.

Leonia alikuwa na kazi zake. Ulikuwa wakati wa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa vikauke kwa ajili ya miezi ya njaa. Alikuwa ameitandaza kwenye mkeka mkubwa. Kivuli cha nyumba kilipoukaribia mkeka, alimwita mgeni wake.

"Mayo, nishikie upande huo."

Wakaunyanyua mkeka, wakausogeza juani. Baada ya muda kivuli kikaja tena, wakausogeza tena. Safari ya tatu Leonia alikuwa anahema, akatazama upande wa mtundu.

"Hicho kioo chako ni cha kuanika, sivyo?"

"Ni cha kuanika."

"Sasa mbona umekigongomea kwenye paa?"

Mwanamkuu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Leonia, ambaye hakujua ametamka nini cha kuchekesha, akacheka pia kwa kumsindikiza.

Kulikuwa na kazi moja chungu: kukishusha. Alikuwa amekizungusha Tabora nzima juu ya paa hilo, na sasa kijiji kizima kitamwona anakifungua. Kasimiri alijitolea kupanda. Alikataa. Alijifunga khanga kiunoni, akapanda yeye, akafungua bolti zote nne mbele ya warina, na mmoja wao alipouliza kama kimeharibika, akajibu kutoka juu ya paa, "Kioo ni kizima. Aliyekifunga ndiye alikosea. Ni mimi." Yale matundu aliyaziba kwa bati na kuyalehemu, na nikuambie tu kwamba kombi ile haikuvuja mpaka ilipokufa.

Ilibaki waya. Kioo kukaa uwanjani na kombi kukaa chini ya mtundu kulihitaji waya mrefu, na waya mwaka ule ulikuwa adimu kama sukari. Katibu wa tawi la chama cha siasa alikuwa na spika ya kutangazia mikutano, ambayo haikuwa imesema neno tangu betri zilipoadimika. Waya wake ulikuwa umezungushwa ukutani, mrefu wa kutosha. Katibu alisita, akasema ni mali ya umma. Mwanamkuu akamuuliza kama asali ya kijiji siyo mali ya umma. Katibu akatoa waya. Ulikuwa mwembamba, na Abasi alishamwonya kwamba waya mwembamba hupoteza umeme njiani, hivyo akaukunja mara mbili na kuulehemu ncha kwa ncha. Bado ulifika kutoka mtunduni hadi kwenye mkeka.

Kuanzia siku hiyo kioo kilianikwa pamoja na michembe. Leonia alikiegemeza kwenye jiwe, kinatazama mashariki asubuhi, na kila aliposogeza mkeka alikisogeza nacho, akakigeuza kifuate jua, akakifuta vumbi kwa ncha ya khanga. Aliwafukuza mbuzi na kuku kwa ukali ambao michembe yenyewe haikuwahi kuupata. Walipohamia kijiji kingine, akina mama wa huko walikuwa wameshasikia, wakakipokea kioo kabla ya kuwapokea wageni. Kombi ilikaa kivulini, imepoa. Jioni zile balbu mbili ziliwaka chini ya bakuli la bati, nyeupe tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho, na Mwanamkuu alichuja masega yote yaliyokuwa yamelala, kisha yaliyofuata, mpaka msimu ukaisha. Lile debe lililopata joto hakulichanganya na mengine. Aliwaambia warina wazi kwamba amelichoma mwenyewe, akalitenga liuzwe kwa wapika pombe.

Mnunuzi safari hii hakutaka kusubiri asali ifike Dar es Salaam. Alimtuma mkaguzi Tabora. Alikuwa mtu mwembamba, msafi, wa maneno machache, na alifika ghalani akakuta chama kizima kimejipanga: Mzee Ngollo amevaa koti, wajumbe nyuma yake, warina kadhaa waliopanda treni kutoka Kaliua kwa ajili hiyo tu. Mwanamkuu alisimama pembeni karibu na mlango. Mikono alikuwa ameificha ndani ya khanga. Alijua asali ni safi. Lakini mwaka uliotangulia pia alijua.

Mkaguzi alichagua debe moja katikati ya safu, akafungua kifuniko, akainamisha uso. Alinusa. Akanyanyuka, akapumua hewa ya nje, akarudi kunusa tena. Alichovya kijiko, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, asali ikaning'inia ya dhahabu, haina hata kinyweleo. Akaonja, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda ambao Mwanamkuu aliuona mrefu kuliko msimu wote.

"Hii," alisema mkaguzi, "hainuki chochote ila maua." Akachovya tena, na safari hii haikuwa kwa ukaguzi. "Tutaichukua yote. Nani ameichuja?"

Mzee Ngollo alisogea mbele, akasafisha koo. Siku hizo kulikuwa na namna moja tu ya kulijibu swali kama hilo, na kila kiongozi aliijua kwa moyo.

"Ndugu mkaguzi, ni chama. Ni juhudi za wanachama wote kwa pamoja, katika moyo wa ujamaa na..."

"Ni mimi," alisema Mwanamkuu.

Mjumbe mmoja aliguna, mwingine akatazama sakafu kwa aibu kwa niaba yake. Kusema mimi, mbele ya mgeni, mbele ya mwenyekiti! Yeye alitoka mlangoni, akaja katikati, mikono yake nje ya khanga.

"Wanachama wamerina, na wamerina vizuri. Leonia wa Kaliua ndiye aliyenifumbua macho kuhusu kioo, na jina lake nataka lijulikane. Lakini aliyechuja ni mimi, Mwanamkuu binti Shaban."

Mkaguzi akamtazama mwenyekiti, anangoja. Mzee Ngollo alikuna kovu la kwenye kope. Kisha akawageukia wajumbe wake, si mgeni.

"Ile iliyorudi tulisema ni yake," alisema. "Basi na hii ni yake."

Mwanamkuu alimsogelea mkaguzi, akachukua kile kijiko mkononi mwake, akakifuta kwa kitambaa cheupe.

"Njoo uonje na debe lile la ukutani, ndugu mkaguzi," alisema. "Hilo ulilofungua ni la kawaida."